Kopo la rangi lina nini? Mwongozo wa mchoraji wa maturubai makubwa

Turubai la mita mbili kwa tatu lina mita mraba 6. Rangi ikipakwa kwa unene wa kawaida, lita moja hufunika kama mita mraba 10. Kwa hiyo mpako wa kwanza peke yake unakula mililita 600, sawa na tyubu kumi za mililita 60. Nami sijawahi kumaliza picha kubwa kwa mpako mmoja. Weka mipako mitatu, ni tyubu thelathini, na hapo hujarudia lile jahazi lililokataa kukaa sawa na maji.

Hesabu hiyo ndiyo inayomtoa mchoraji wa Lamu kwenye tyubu na kumpeleka hadwea, aliko muuza simiti na misumari. Mimi nilikwenda mapema, na nilikwenda vibaya. Nilikuwa nimenunua tanga kuukuu la mashua iliyokwisha kustaafu, kubwa kuliko ukuta wa sebule yetu, na hela zilizobaki zikanitosha debe moja la rangi ya maji nyeupe ya ndani ya nyumba, ile isiyong'aa, ya bei ya chini kabisa. Nikaongeza vichupa vya rangi za kukolezea. Nikachora Mkunguni, uwanja wa katikati ya mji wetu, asubuhi: Ngome nyuma, wazee barazani, wanawake wawili wa buibui wakipita, na kitambaa cha zambarau iliyowaka kikining'inia dukani. Mnunuzi akaipenda, tukaikunja, ikapanda boti kwenda Mokowe na basi kwenda Nairobi. Ilipofunguliwa ilikuwa imepasuka mistari mistari kama tope la bwawa lililokauka. Buibui zilitoa vumbi jeupe ukizigusa. Ile zambarau, baada ya miezi ukutani mkabala na dirisha, ikawa rangi ya chai ya maziwa. Nilirudisha pesa.

Kwa muda mrefu nilijieleza kwamba kosa lilikuwa kununua rahisi, na nikawa nawashauri vijana wasikaribie hadwea. Huo haukuwa ushauri mzuri. Ziko rangi rahisi zitakazotuzika sote, na ziko tyubu ghali zinazokimbia jua. Bei haikuambii kitu mpaka ujue unalipia nini ndani ya kopo.

Ndani ya kopo mna vitu vinne. Kuna unga wa rangi, yaani chembe zenyewe nyekundu, buluu au nyeupe. Kuna gundi inayozishika chembe hizo pamoja na kuzishikisha kwenye kitambaa. Kuna kimiminika, maji au tapentaini, kinachokuwezesha kupaka kisha kikaondoka zake. Na kuna unga wa kujazia: chaki, udongo mweupe, unga wa mawe. Huu wa nne ndio mwenye fitina. Hauna rangi ya maana lakini unajaza kopo, na ni rahisi sana kuliko wale wenzake wawili wa kwanza.

Aliyewahi kusimamia fundi mwashi atalielewa hili bila darasa. Mchanga ukiwa mwingi na simiti haba, ukuta unasimama siku ya kwanza, kisha ukiupangusa kwa kiganja unashuka. Rangi ni vivyo hivyo. Unga, wa rangi na wa kujazia kwa pamoja, ndio mchanga. Gundi ndiyo simiti. Katika rangi inayong'aa gundi ni nyingi kiasi cha kuzifunika chembe zote, uso unakuwa laini na mwanga unaruka kama kwenye kioo. Katika rangi isiyong'aa chembe zimechomoza juu ya gundi, na katikati yake mna matundu ya hewa. Mwanga unatawanyika, macho yanaona weupe uliotulia. Ukutani hakuna ubaya, kwa sababu ukuta haukunjwi. Kitambaa hukunjwa, hupigwa na upepo, hulegea unyevu ukipanda na kujikaza ukishuka. Gundi haba haiwezi kufuata mwendo huo, ndipo mipasuko.

Matundu hayo ya hewa yanafanya hila nyingine. Rangi rahisi isiyong'aa ikikauka huonekana inafunika vizuri sana, na muuzaji atakuonyesha hivyo kwa fahari. Inayofunika ni hewa. Chora mstari mweusi kwenye kipande cha kadibodi, paka rangi juu yake, iache ikauke kabisa, kisha dondoshea tone la maji juu ya mstari. Maji yakijaza matundu na mstari ukatokea kama aliyekuwa amejificha, ujue weupe ule ulikuwa chaki na hewa. Mstari ukibaki umefichwa, kuna titani ya kutosha ndani. Titani ndiyo unga mweupe wa kweli wa rangi za leo, ulioanza kuuzwa kwa wingi mwanzoni mwa karne ya 20. Ina uzito, ina gharama, na ndiyo maana kopo zuri jeupe ni zito mkononi kuliko kopo duni la ujazo uleule. Mimi siku hizi hunyanyua makopo mawili kwa pamoja kabla ya kusoma karatasi zake. Muuzaji wangu ameshazoea.

Sasa gundi. Rangi za maji za nyumba hazina gundi moja. Ziko za vinili, jamaa ya gundi nyeupe ya mbao, na ziko za akriliki, ambayo ndiyo gundi ya tyubu za wachoraji. Zote ni vipande vidogo mno vya plastiki vinavyoelea majini. Maji yakiondoka, vipande vinashikana na kuwa ngozi. Ngozi ya akriliki inanyumbuka na haivutwi sana na maji ikishakauka. Ya vinili huwa ngumu zaidi na hulainika ikipata unyevu, na Lamu unyevu haualikwi, unaishi nasi. Kwa hiyo ukienda hadwea na picha kubwa kichwani, uliza rangi ya nje ya nyumba, si ya ndani, na tafuta kopo lililoandikwa kuwa ni akriliki asilimia 100. Rangi ya nje imetengenezwa kwa ukuta unaochomwa na jua mchana na kupoa usiku, ukipanuka na kusinyaa. Tabia hiyo ndiyo unayoitaka kitambaani. Kati ya isiyong'aa na inayong'aa kidogo, chukua inayong'aa kidogo, hata kama mng'ao wenyewe unakuudhi.

Wengi wataniuliza: na rangi ya mafuta je, ile ya milango na mashua? Watanitajia Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi ya aina hiyo, na picha zake bado zinatafutwa duniani. Ni kweli. Lakini Tingatinga alichora juu ya mbao nyembamba za viwandani, vipande vidogo vya mraba visivyopinda. Watanitajia pia Jackson Pollock wa Marekani, aliyemwaga rangi za nyumba juu ya maturubai makubwa sakafuni. Naye ni kweli, ila mimi sina jumba la makumbusho la kuniajiria fundi wa kuunga mipasuko. Rangi ya mafuta haikauki kwa maji kuondoka. Hukauka kwa kula hewa, na haishibi: huendelea kuwa ngumu mwaka hadi mwaka. Nyeupe yake hugeuka njano, hasa picha ikiwekwa gizani. Na mafuta yakigusa pamba tupu, bila tabaka la kuyazuia, huichoma taratibu mpaka inakatika kama karatasi. Kwa ubao mdogo wa dukani, sawa. Kwa tanga la mita tatu, hapana.

Tuje kwenye unga wa rangi, kwa sababu hapa ndipo maskini anapopata bahati yake.

Mtu angedhani kadiri rangi inavyostahimili jua ndivyo inavyopanda bei. Sivyo. Rangi zinazodumu kuliko zote nyingi ni za bei ya chini, kwa kuwa ni kutu na masizi. Nyekundu ya udongo, njano ya udongo, hudhurungi na aina moja ya nyeusi ni oksidi za chuma, yaani jamaa ya kutu. Kutu imeshachakaa tayari. Jua halina cha kuifanya. Ni unga uleule wa aina ya oksaidi nyekundu wanaouchanganya mafundi na simiti wakitia sakafu nyumba zetu. Nyeusi ya kawaida ni kaboni, masizi ya kiwandani, na masizi hayapauki.

Halafu kuna bluu. Zamani bluu ya ultramarini ilisagwa kutoka kwenye jiwe lililochimbwa milima ya Afghanistan, na wachoraji wa Ulaya waliiweka hasa kwa joho la Bi Mariamu kwa jinsi ilivyokuwa ghali. Mwaka 1824 chama kimoja cha Ufaransa kikaahidi faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza bila jiwe hilo, na mwaka 1828 zawadi ikaenda kwa Jean-Baptiste Guimet, aliyeipata kwa kuchoma udongo mweupe, magadi na kiberiti, yaani salfa. Tangu hapo bluu ya wafalme ikawa ya wafuaji. Vile vibonge vya nili ambavyo bibi zetu walisuuzia kanzu ziwe nyeupe vilikuwa na ultramarini hiyohiyo ndani yake. Usikimbilie kuvisaga: vimechanganywa na vitu vingine vya kuyeyuka majini, na nili nyingi za maji za siku hizi si unga, ni rangi ya kutilia nguo inayoyeyuka majini, nayo hupauka. Lakini tyubu au mfuko wa ultramarini halisi ni miongoni mwa vitu rahisi dukani, na jua haliiwezi. Adui yake ni asidi.

Ultramarini ina ndugu mdogo, bluu ya thalo, iliyoingia sokoni mwaka 1935, na kijani yake ikafuata miaka michache baadaye. Hizi zina nguvu ya ajabu. Kijiko kimoja cha chai kinageuza bakuli zima la nyeupe kuwa bahari ya Manda saa nne asubuhi, na ukisahau kuosha brashi utaikuta bluu hiyo hata kwenye mkate. Kwa turubai kubwa hakuna ununuzi wenye faida kuliko huo.

Utazijuaje dukani? Majina ya mapambo mbele ya tyubu hayasaidii. "Bluu ya bahari" inaweza kuwa chochote. Geuza nyuma, tafuta herufi na namba. PW6 ni titani. PBk7 ni kaboni. PR101 ni nyekundu ya oksidi, PY42 njano yake. PB29 ni ultramarini, PB15 thalo ya bluu, PG7 thalo ya kijani. Ukiwa na hizo saba, unaweza kuchora mji huu wote, mawe yake ya matumbawe, boriti, maji na kivuli cha vichochoro. Tyubu isiyotaja namba yoyote naiacha rafuni. Ukikuta neno la Kiingereza "hue" limefuata jina, maana yake ni rangi ya kuiga: jina la unga ghali, ndani unga mwingine. Si wizi, na wakati mwingine kilichomo ni kizuri, lakini ni namba itakayokuambia.

Tatizo linabaki kwa nyekundu ya kuwaka, waridi na zambarau. Hapo bei na uimara vinashikana mikono kweli. Nyekundu ya kadimi, PR108, hudumu na ni ghali. Zambarau-waridi ya PV19 hudumu, nayo haitolewi bure. Ya kuepuka ni PR83, nyekundu ya damu ya mzee iliyosifiwa sana vitabuni. Ikichanganywa na nyeupe hupauka kabla hujamaliza kulipwa. Na zile rangi za kuwaka kama taa, za mabango, zisipewe nafasi kwenye picha unayotaka mtu airithi. Zambarau yangu ya Mkunguni ilitoka katika ukoo huo.

Karatasi ya kopo isipokuambia, jua litakuambia. Mji wetu uko nyuzi mbili na kidogo tu kusini mwa ikweta. Nakata vipande vya merikani, kitambaa cha pamba, napaka kila rangi mara mbili, moja tupu na moja iliyochanganywa na nyeupe, kwa sababu rangi hupauka zaidi ikiwa imepunguzwa. Nusu ya kipande naifunika kwa karatasi ya aluminiamu, natundika juu ya paa pasipofikiwa na mvua, na kuacha tangu kaskazi inapoanza hadi kusi iingie. Kisha nafunua. Hakuna muuzaji anayebishana na kipande hicho.

Aliyenifundisha kuvigawa vitu hivi kwa picha moja hakuwa mchoraji. Alikuwa mzee wa kijiji cha Matondoni, fundi wa vyombo vya baharini, niliyemkuta akipaka mashua iliyopinduliwa pwani maji yakiwa yametoka. Nilimlalamikia bei ya rangi. Akanitazama kwa huruma kidogo.

"Mwanangu, weye wapaka kitu kimoja chini hata juu?"

"Ndiyo, mzee. Picha ni moja."

"Na chombo ni kimoja. Chini ya maji twatia shahamu. Mbao za juu zatiwa sifa, zinywe. Rangi ya duka naitia kwenye ubavu, penye kutazamwa."

Shahamu ni chokaa na mafuta ya mnyama. Sifa ni mafuta ya ini la papa, na harufu yake huifuata mashua mpaka Pate. Nilirudi nyumbani nikalitazama tanga langu kwa namna nyingine.

Tabaka la chini kabisa kazi yake ni kushika. Hapo napaka rangi ya nje ya akriliki nyeupe, mipako miwili, ya kwanza ikiwa imelainishwa kwa maji kidogo iingie kwenye nyuzi. Kabla ya hapo tanga kuukuu lazima lioshwe kwa maji matamu mara tatu au nne, kwa maana chumvi iliyomo huvuta unyevu hewani na rangi juu yake hufura malengelenge. Onja maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na chumvi, rudia. Najua maji matamu ya Amu, yaani Lamu, yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela na hayana mwisho mzuri tukiyachezea; kwa hiyo nakusanya ya mvua.

Tabaka la pili ni maeneo makubwa: anga, bahari, kuta. Hapa ndipo rangi inapokwenda kwa lita, na hapa natumia ileile akriliki ya nje, niliyoikoleza. Waulize wenye mashine ya kuchanganya rangi wakupe kopo la msingi wa kuchanganyia rangi zilizokolea, si nyeupe. Kopo jeupe limejaa titani, na hata likimwagiwa nini halitatoa zaidi ya waridi na samawati. Ukikoleza mwenyewe, oksidi ya unga iloweshe kwanza kwa maji na tone la sabuni ya vyombo mpaka iwe uji bila madonge, ndipo uichanganye, na jifunge kitambaa puani kwa sababu vumbi lile si la kuvuta. Vile vichupa vya kukolezea vinaleta rangi bila gundi. Ukizidisha, mpako haukauki sawasawa na hushika vumbi. Maji nayo yasizidi. Ukitaka rangi nyepesi kama ukungu, ilainishe kwa gundi ya akriliki ya wachoraji, si kwa maji matupu, la sivyo umerudi kwenye mchanga mwingi na simiti haba.

Tabaka la juu ni penye kutazamwa: uso wa mtu, mkunjo wa leso, mstari wa jua kwenye omo, pua ya jahazi. Hapo natoa tyubu nzuri, na kwa mita mraba 6 hazizidi nne au tano. Hata kati ya tyubu za wachoraji, usilinganishe bei tu. Changanya kijiko kimoja cha rangi na vijiko kumi vya nyeupe, kwa kila aina unayoipima. Ile ya wanafunzi ikihitaji vijiko vitatu kufikia ukolezo wa kijiko kimoja cha ile nyingine, basi tyubu ya nusu bei imekugharimu mara moja na nusu.

Gundi ya mbao watu huniuliza kila mara. Kama sizingi ya kuziba kitambaa cha kuning'inia ndani, inafaa. Kama gundi ya kutengenezea rangi yenyewe, nimeijaribu na sitairudia.

Limebaki la safari. Akriliki ambayo ni laini kiasi cha kutopasuka ni laini pia kiasi cha kunata, na katika joto la boti saa saba mchana uso wa picha hushikana na chochote. Usiikunje kama nguo. Iviringishe kwenye paipu pana ya maji taka ya inchi sita, upande wa rangi ukiwa nje ili ngozi yake ivutwe badala ya kukunjamana, na katikati uweke karatasi ya kuokea keki. Mifuko yenye viputo huacha alama za duara zisizotoka. Kama mnunuzi anaitaka ikiwa tayari imebanwa kwenye fremu, pima kwanza upana wa kichochoro chako na kona zake. Mimi sikupima, tuliishusha kutoka darini kwa kamba, watu watano, na punda wa jirani akatutazama mpaka ikafika chini.